Batiki za kwenye spika: nyuma ya Jerry Garcia kuna fundi

Watu wakifungua vidio za Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, za mwaka 1972 macho yote yanaenda kwa mpiga gitaa wao Jerry Garcia, vidole, ndevu, gitaa. Mi naangalia nyuma yake. Kule nyuma kuna maboksi ya spika yamepangwa, na mbele ya kila boksi, pale ambapo bendi nyingine zinaweka kile kitambaa cheusi ambacho hakuna mtu anakiona, hawa jamaa wameweka tai-dai, yaani kitambaa cha kufungwa na kutiwa rangi. Sio tishati wala bendera, ni kitambaa kimevutwa kikakaza kwenye fremu ya boksi na katikati kuna duara linapasuka kwa rangi, njano inaanzia ndani, inakuja chungwa, inakuja nyekundu, mpaka zambarau inagusa kona. Sasa panga za hivyo kadhaa nyuma ya wanaume waliovaa majinzi tu ya kawaida, washa taa, alafu niambie kama bado unaangalia gitaa.

Ukitaka kuona ninachosema tafuta onyesho la Tivoli kule Copenhagen, Aprili 17, 1972, televisheni ya Denmark ilirekodi, ni ile ambayo kuna muda wanavaa vinyago vya vichekesho usoni. Ilikuwa ndani ya ziara yao ya Ulaya, maonyesho 22, walianzia London mwanzoni mwa Aprili wakamalizia London hiyohiyo mwishoni mwa Mei, na katikati hapo wamepita Denmark, Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Uholanzi, mpaka Luxembourg. Vyombo vinapakiwa, vinashushwa, vinapakiwa tena. Na hizi nguo zipo mbele ya spika muda wote huo.

Aliyezitengeneza anaitwa Courtenay Pollock. Mwingereza, alihamia Marekani, akaangukia California upande wa Marin, kaskazini ya San Francisco, kwenye mwanzo wa miaka ya 1970 ambapo bendi nayo ilikuwa inaishi maeneo hayohayo, wakaona kazi zake, wakampa spika avalishe. Baadaye akahamia British Columbia, Kanada, na aliendelea kufanya kazi ileile ya maduara makubwa ambayo wenyewe wanayaita mandala. Nimeandika jina lake mapema makusudi kabisa. Mashabiki wa hii bendi ni watu wa ajabu sana kwa kumbukumbu, watakwambia gitaa gani lilipigwa usiku gani mji gani, nani alilichonga, amplifaya ilikuwa ya kampuni gani, ila ukiuliza ile nguo pale mbele nani kakunja, wengi kimya. Hicho ndicho kinaniuma na ndio maana naandika.

Kidogo kuhusu tai-dai ilifikaje huko, nipite haraka maana hii sehemu imeshaandikwa sana. Kufunga nguo na kuichovya rangi ni ufundi wa zamani mno, India wanao, Japani wanao, Wayoruba wa Nigeria wana adire yao ya nili. Kwa Wamarekani wa miaka ya 1960 ilikuja kama kitu kipya, na inavyosimuliwa kuna mtu wa masoko wa kampuni ya rangi za nyumbani ya Rit, Don Price, alizunguka Greenwich Village kule New York akitafuta wasanii wa kuonyesha rangi zake zinaweza nini, akawapata mtu na mkewe, Will na Eileen Richardson, na mwisho wa hiyo habari ni tishati mia kadhaa kwenda kuuzwa kwenye lile tamasha kubwa la muziki la Woodstock, Agosti 1969. Pale Woodstock mwimbaji Joe Cocker kapanda na tishati yake ya tai-dai, na mwanamuziki mwingine, John Sebastian, ambaye hata hakuwa kwenye orodha ya kupiga, alikuja kutazama tu kama watu wengine, akapandishwa stejini wakati wanasubiri mambo ya mvua yakae sawa, na yeye kavaa tai-dai juu mpaka chini. Basi. Baada ya hapo ikawa sare ya mahipi, wale vijana wa nywele ndefu.

Ila nguo ya mwilini ni jambo moja na nguo ya steji ni jambo lingine. Tishati ikitoka vibaya unasema ndio mtindo. Steji haikuruhusu, maana mtu aliyekaa nyuma kabisa anatakiwa aone umbo, sio madoa, na kamera ikisogea karibu inatakiwa isikute uchafu. Ndio maana Pollock akaenda kwenye maduara, na duara kwenye tai-dai ni hesabu tupu.

Nieleze linavyotoka maana hapa ndio utamu ulipo. Unachukua kitambaa cha mraba, unakunja nusu, unakunja nusu tena, umepata robo. Kuna kona moja ya ile robo ambayo ndio kitovu cha nguo nzima, hiyo usiipoteze. Kutoka kwenye kitovu unaanza kukunja kwenda na kurudi kama feni, vipande vyembamba vya pembetatu, kimoja juu ya kingine, kingo zinalingana. Ile robo ukiikunja ikawa vipande vinne, siku ya kuifungua utakuta pande kumi na sita. Ukiikunja ikawa vipande sita, ni ishirini na nne. Alafu sasa uzi. Ukifunga uzi kukatisha moja kwa moja, unapata mduara wenye kona kona. Ukiufunga kwa mshazari, inatoka nyota. Ukitaka petali za ua, unashona au unakusanya kwa kufuata upinde ndio unakaza. Kila unachokifanya kwenye kile kipande kimoja chembamba kinajirudia kwenye pande zote, kwa hiyo na uzembe wako nao unajirudia pande zote, ukikosea milimita chache pale kwenye kitovu nguo nzima inakuwa na jicho linalotazama pembeni.

Na tatizo kubwa zaidi ni unene. Tabaka kumi na sita za kitambaa zimebanwa, unamwaga rangi juu, hizo za juu na za chini zinakunywa zinashiba, za katikati zinabaki zimepauka. Ukifungua unaona kabisa, upande mmoja wa duara umeiva, upande wa pili umechoka. Fundi anageuza, anafungua mikunjo kidogo kwa vidole, anasukuma rangi ndani na mdomo wa chupa, anageuza tena. Mchezo wote ni kufanya tabaka la nane lifanane na la kwanza. Angalia zile nguo za 1972 pande zake zinavyolingana alafu kumbuka kila moja ilitoka kwenye fundo la nguo ambalo fundi haoni ndani.

Mimi haya siyajui kutoka vitabuni. Mama mkubwa wangu yuko Morogoro, anafanya batiki, za kufunga na za nta, amesomesha watoto kwa hiyo kazi. Nikamwonyesha ile vidio kwenye simu, nikitegemea atacheka wale wazungu na nywele zao. Akanishika mkono.

"Hebu simamisha. Rudisha nyuma. Hapo hapo." Akavaa miwani. "Huyu kakunja vizuri. Ona kitovu kilivyokaa."

"Mzungu huyo Mama mkubwa, miaka ya sabini huko."

"Mzungu asiwe mzungu, kafunga na uzi mwembamba na hakuwa na haraka." Akatazama tena. "Sasa mwanangu, hizo si spika? Wameziba na nguo, sauti inapita wapi?"

Swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kusoma kwa mashabiki. Kitambaa cha mbele ya spika hakipo kwa urembo tu, kinazuia vumbi na vidole vya watu, lakini lazima kiwe kinapitisha hewa, maana sauti ni hewa inasukumwa. Besi yenyewe haina shida sana, inasukuma chochote. Zile sauti za juu, sahani za ngoma, ncha ya nyuzi za gitaa, zile ndio zinakufa ukiweka kitambaa kizito kilichofumwa kubanana, muziki unasikika kama umefungiwa chumbani. Kwa hiyo fundi wa spika anataka kitambaa chepesi chenye matundu. Na sasa fikiria ungetaka kukipamba kwa njia nyingine. Ungepaka rangi ya ukutani au ya kuchapia, inakaa juu ya uzi inaziba matundu. Ungefanya batiki ya nta, nta isipotoka yote inaziba vilevile. Rangi ya kuchovya inaingia ndani ya uzi wenyewe, tundu linabaki tundu. Yaani katika njia zote za kuweka picha mbele ya spika bila kumuudhi fundi mitambo, tai-dai ilikuwa njia ya akili kabisa, na sidhani kama hilo linasemwa inavyostahili, watu wanadhani ilikuwa tu bangi na rangi rangi.

Nikamweleza hivyo, akasema "ehee", akaomba vidio iendelee.

Kitambaa chepesi nacho kina kesi zake. Ukikivuta kwenye fremu kinanyooka upande mmoja kuliko mwingine, na duara lako ulilolihangaikia linageuka yai. Angalieni vizuri zile spika, mtaona maduara mengi yamekaa duara kweli, na kitovu kimekaa katikati ya boksi. Hiyo ni kazi ya mkono wa pili, wa kuvuta na kubana pini, upande huu kidogo, upande ule kidogo, unazunguka hivyo mpaka kikaze sawa.

Kuhusu rangi zenyewe niseme kidogo maana kuna ubishi huwa nausikia. Mafundi wa tai-dai wa Marekani walikuja kuzishika sana rangi za jamii ya Procion, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilizileta sokoni mwaka 1956. Hizi hazigandi tu kwenye pamba, zinashikana nayo kikemia, moja kwa moja, na zinafanya hivyo kwenye maji yasiyo ya moto ilimradi kuna magadi soda. Ndio, magadi, jamii ileile inayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. Unalowesha kitambaa kwenye maji ya magadi, unamwaga rangi, unafunga kwenye nailoni usiku kucha, asubuhi unasuuza mpaka maji yawe meupe. Ndio maana rangi zile zina makali, na ndio maana unaweza kuweka rangi nne tano kwenye kipande kimoja zikakaa jirani bila kuchovya mara nne tano.

Kwetu, batiki ya mama mkubwa inaenda njia nyingine, kostiki na haidro, zile dawa kali za kuyeyushia rangi, rangi ikiwa kwenye beseni ina sura yake ya ajabu, unaitoa unaitandika, ikipigwa na hewa ndio inageuka inakuwa rangi uliyoitaka. Inachoma mikono, inanuka, inataka glavu. Lakini kwenye jua, rangi za aina hiyo kwa kawaida zinavumilia kuliko za Procion, na hii naisema kwa majivuno kidogo, kitenge cha mama mkubwa kikianikwa miaka kinaweza kubaki na heshima yake wakati mandala ya hipi imeshapauka ile pinki yake.

Na hapo ndio tunaingia kwenye biashara ya kukusanya.

Nguo ya spika ni nguo ya kazi. Inapigwa na mtikisiko kila usiku, moshi wa sigara, jua kama ni uwanjani, mtu anaegemea, boksi linakwaruzwa mlangoni, na ikichanika fundi anabandua anaweka nyingine. Hakuna aliyekuwa anafikiria makumbusho. Alafu kufikia 1974 bendi wakaja na ule mtambo wao unaoitwa Wall of Sound, ukuta wa spika mia sita na kitu nyuma ya wanamuziki, mzigo wa makumi ya tani, na ukiangalia picha zake unaona koni za spika uchi, safu juu ya safu, hakuna nguo. Mtambo ule ni maajabu, sibishi, ila kwa macho yangu steji ilipoteza kitu. Kwa hiyo zile za kuvalisha spika ni za miaka michache tu, na zilizopona ni chache, na ndio maana watu wanazitafuta.

Bei? Mwaka 2021 Sotheby's, kampuni ya minada, walifanya mnada wa mali za Grateful Dead na watu wao, na amplifaya moja ya kampuni ya McIntosh aliyotumia Garcia kwenye ule ukuta ikaenda kwa dola 378,000. Amplifaya. Ina mpaka jina la utani, inaitwa Budman kwa sababu ya stika iliyobandikwa mbele. Chuma kilichotoka kiwandani na wenzake wanaofanana kimepata jina kwa ajili ya stika, alafu nguo ambayo mtu alikaa akaikunja kwa mikono yake na haitatoka nyingine kama hiyo duniani, watu wanaiita "ile tai-dai". Nina hasira na hilo kidogo, mtanisamehe. Angalau Chuo Kikuu cha California pale Santa Cruz kilipewa kumbukumbu za bendi mwaka 2008 na wana sehemu yao maalumu maktaba, kuna watu wenye kazi ya kutunza na kuandika kitu kipi kilitoka wapi.

Wengine watanikumbusha Lithuania, timu ya kikapu ya Olimpiki ya 1992, Barcelona, wamechukua shaba wamepanda jukwaani na tishati za tai-dai zenye kiunzi cha mifupa kinatupia mpira, na Grateful Dead ndio walikuwa wamewashika mkono kifedha. Nzuri sana ile hadithi, zile tishati nazo zinakusanywa, ila ile ni nguo ya kuchapwa kwa wingi, ni habari nyingine.

Tuseme sasa una hela na mtu amekuletea kipande anasema kilikuwa stejini. Cha kwanza mi ningegeuza nyuma. Siku hizi mtandaoni kumejaa vitambaa vya ukutani vya mandala vilivyochapwa na mashine kwenye poliesta, mbele vinawaka, nyuma vyeupe. Rangi ya kuchovya inatoboa, nyuma na mbele zinakaribia kufanana. Cha pili hesabu pande, alafu zifuatilie moja moja kuzunguka, kwenye kitu cha kukunja kweli utaona kuna zilizoiva na zilizopauka kidogo, na zinafuatana kwa mpangilio kwa sababu ndivyo zilivyolaliana siku ile, ila cha kuchapwa kila upande ni nakala ya mwenzake kabisa. Cha tatu ndio nakipenda zaidi: pembeni. Nguo iliyovutwa kwenye boksi ina ukingo uliokunjwa nyuma ya fremu, ule ukingo haukuona jua wala moshi, kwa hiyo inatakiwa kuwe na mstari, ndani ya mstari rangi imechoka, nje ya mstari rangi inang'aa kama ya jana, na kwenye ule ukingo unakuta matundu ya pini, pengine na kutu yake. Mtu anaweza kughushi stika, anaweza kughushi hadithi, ila kughushi miaka ya vumbi katikati na kuiacha pembeni safi, hiyo ni kazi ngumu.

Ukishaipata usiifue. Najua mikono inawasha. Usiifue, usiipige pasi, usiitundike ukuta unaotazama dirisha. Izungushe kwenye bomba pana na karatasi isiyo na asidi, usiikunje, maana mikunjo ya sasa ikikaa miaka inakata uzi. Na kama unaishi pwani kama mimi, unyevu wetu huu wa Dar ni adui kuliko jua, ukungu ukishaingia kwenye pamba hautoki bila kuondoka na rangi.

Ila mimi kwa hela yangu, ambayo sina, nisingenunua cha zamani. Ningenunua kipya kutoka kwa mtu anayekunja leo. Steji za kwetu sasa hivi ni skrini za LED kila mahali, nembo ya mdhamini inazunguka zunguka, ukizima umeme hakuna kitu pale, ni mabati. Kuna jamaa yangu anakodisha muziki kwenye maharusi na vigodoro, maboksi yake yana vitambaa vyeusi vimechanika, mara kuna alama ya kiatu cha mtu. Nimemsumbua mpaka kakubali tuanze na maboksi mawili. Nikampigia mama mkubwa, akakubali, ila na masharti: vipimo viletwe kwa sentimita sio kwa "kama hivi", kitambaa atachagua yeye chepesi, nusu ya hela itangulie, na jina lake lishonwe pale chini kona ya kulia, kwa herufi kubwa, mbele, sio nyuma.